Ndugu Mhariri, baba yangu anasoma gazeti lenu kwa lenzi

Ndugu Mhariri,

Mimi nina steshenari ndogo hapa Korogwe, kazi yangu ni kutoa kopi, kuchapa barua za watu, kuprinti fomu za shule, kulaminisha vyeti, kwa hiyo maandishi ndo yananilisha mimi na wanangu. Nimekuwa nataka kukuandikia tangu mwaka jana naahirisha tu, leo nimeona niandike maana jana mzee wangu alikaa barazani na gazeti lenu zaidi ya saa nzima, akasoma kurasa karibu zote, ila kuna ukurasa mmoja ulimshinda kabisa na haukumshinda kwa sababu ya macho yake. Nitafika hapo, naomba kwanza nieleze tulikotoka.

Baba alikuwa karani wa stesheni enzi hizo za treni ya abiria ya Tanga kwenda Moshi, ni mtu wa maandishi, daftari zake za kazini alizonazo mpaka leo ukizifungua mwandiko umelala mstari mmoja kama umepigwa rula. Gazeti kwake ni kama chai. Anaanza nyuma kwenye michezo, anakuja kwenye tanzia kuangalia nani katangulia, ndo anaenda ukurasa wa mbele. Tangu nina akili zangu namuona hivyo.

Kisukari alikuwa nacho siku nyingi, macho yakaanza kumsumbua mwaka 2019. Siku moja tumekaa tunakula akaniambia, mwanangu, masikio yako nayaona, kilemba nakiona, ila uso wako katikati hapo kuna kama mtu kamwaga chai. Nikadhani ni mtoto wa jicho maana huku mtu mzima akisema haoni kila mtu anasema mtoto wa jicho, nenda kafanyiwe upasuaji. Kumbe sukari ilikuwa imeharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho na maji yamevuja pale katikati kabisa, sehemu ambayo ndo mtu anasomea na kutambulia sura. Akiangalia neno Korogwe anaona Ko na we, katikati hakuna kitu.

Tukampeleka hospitali, akapigwa leza, na leza nashukuru ilisimamisha ugonjwa usiendelee, hilo sitaki mtu anielewe vibaya. Ila kilichokuwa kimeshakufa hakirudi. Mwisho wa kliniki daktari, kijana mpole tu, akafunga faili akasema mzee hapa tumefika mwisho, hakuna tena la kufanya, zoea tu hali. Hospitali siitaji wala sio lengo langu kuitaja. Ila hilo neno, hakuna tena la kufanya, Mhariri, lilimkalisha baba yangu chini miaka miwili.

Naomba niseme hiyo miaka miwili ilikuwaje maana watu wanadhani mtu akipungukiwa macho shida ni kujikwaa. Baba hajikwai. Anatembea mwenyewe mpaka msikitini na kurudi, anaona mlango, anaona ng'ombe, anaona kiti, maana pembeni kote ni kuzima. Shida ilikuwa kila kitu chenye maandishi kimekuwa cha mtu mwingine. Barua ya pensheni ikija anasomewa na jirani, kwa hiyo jirani anajua baba anapata shilingi ngapi. Dawa zake za sukari na za presha zilikuwa kwenye vipaketi vinavyofanana, akawa anameza kwa kupapasa, tukaja kugundua wiki nzima kameza za presha mara mbili za sukari hajagusa, siku hiyo alianguka chooni. Na kwenye simu, kuna kijana wa mtaani alikuwa anamsaidia kutuma na kutoa hela, kwa hiyo namba ya siri anayo yeye, siku moja shilingi 80,000 hazipo na kijana hayupo. Baba hakulia kwa sababu ya hela. Alisema, nimehesabu hela za reli miaka 31 bila kukosea shilingi, leo siwezi kusoma meseji yangu mwenyewe.

Sasa tulivyokuja kujua kwamba kuna la kufanya, hatukuambiwa na hospitali, niliambiwa hapa hapa kwenye meza yangu ya kopi. Alikuja mwalimu mmoja wa elimu maalumu na mtihani wa majaribio, akataka nikuze kutoka A4 kwenda A3. Kazi hiyo ni rahisi, mashine inakuza kwa asilimia 141, herufi ya saizi 12 inakuwa kama 17. Nikamuuliza mwalimu mbona makaratasi makubwa hivi, akasema ana wanafunzi wenye uoni hafifu. Ndo mara yangu ya kwanza kulisikia hilo neno. Nikasema kwani si wapofu hao? Akanikatalia kwa ukali kidogo, akasema wewe dada usirudie hilo neno, hawa wanaona, wanaona kidogo, na hicho kidogo kinafanya kazi ukikipa kifaa.

Akanieleza vizuri. Ukipimwa kwenye lile bango la herufi, mtu mwenye macho ya kawaida ni 6/6. Ukiambiwa 6/18 maana yake kile ambacho mwenzio anakiona akiwa mita 18 wewe mpaka usogee mita 6. Mtu akiwa chini ya hapo hata baada ya kutibiwa na kuvalishwa miwani sahihi, lakini bado kuna uoni anaoweza kuutumia kwa shughuli zake, huyo anaitwa mwenye uoni hafifu, na ana huduma yake, sio ile ya upasuaji wala ya miwani ya kawaida. Nikakumbuka karatasi ya baba imeandikwa 6/60. Nikafunga duka mapema siku hiyo.

Mwalimu alinielekeza Moshi, hospitali ya KCMC, akasema pale kuna kitengo cha uoni hafifu na ndiko wanakosomea wataalamu wa optometria, yani upimaji wa macho na miwani, na walioko Dar waende hospitali ya CCBRT Msasani. Tukapanda basi la asubuhi mimi na baba. Njiani baba amenuna, ananiambia unanipeleka kuambiwa tena yale yale.

Yule mtaalamu wa kike aliyetupokea hakuanza na lenzi. Alianza na swali, shikamoo mzee, ukipata macho ya kusomea leo unataka kusoma nini? Baba akakaa kimya. Tangu aanze kuumwa hakuna mtu alikuwa amemuuliza hivyo, wote tunamuuliza unaona vidole vingapi. Akajibu gazeti, barua zangu, na msahafu. Yule dada akaandika vyote vitatu, kisha akamsomesha kwenye kadi ya herufi za karibu, kubwa mpaka ndogo, akatafuta ile ndogo kabisa anayoweza kuisoma, akailinganisha na herufi ya gazeti, ndo akapata jibu la lenzi ya mara ngapi. Yani ni hesabu, sio kubahatisha.

Hapa nataka kukaa kidogo maana watu wengi tunapigwa kwa kutokujua. Kabla ya hapo mimi mwenyewe nilishamnunulia baba lenzi, ile kubwa ya duara yenye mpini mweusi inayouzwa kwenye vibanda, shilingi 5,000, nikadhani ukubwa ndo nguvu. Haikusaidia hata kidogo, na baba akazidi kuamini kwamba amekwisha. Kumbe ni kinyume. Lenzi yenye nguvu lazima iwe imebinuka sana, ukiitengeneza kubwa inakuwa nene na pembeni herufi zinapinda, kwa hiyo lenzi kadri inavyokuwa kali ndo inavyokuwa ndogo. Zile kubwa za kibandani nyingi hazizidi mara mbili au mbili na nusu. Mtaalamu anapima kwa dayopta, ndo kipimo cha nguvu ya lenzi, ukigawanya kwa nne unapata inakuza mara ngapi, na ukichukua 100 ukagawanya kwa hizo dayopta unapata sentimita ngapi lenzi ikae kutoka kwenye karatasi. Lenzi ya dayopta 20 inakuza mara tano na inakaa sentimita tano tu kutoka kwenye gazeti. Sasa mtu akipewa hiyo akaishika mbali kama anavyoshika kioo cha kunyolea, anaona ukungu, anasema lenzi mbovu, anaitupa kabatini. Nina uhakika kuna makabati mengi nchi hii yana lenzi nzuri zimelala kwa sababu mwenyewe hakuelekezwa hizo sentimita.

Baba alijaribishwa ya mkono kwanza. Mkono wake unatetemeka, na lenzi ikitetemeka na maneno yanatetemeka, kwa hiyo yule dada akaiweka pembeni akampa ya miguu, ile inayosimama yenyewe juu ya karatasi, miguu yake ndo imeshapima umbali, wewe unaiburuza tu. Ya nguvu 16, mara nne, ina taa ndogo ndani inayotumia betri. Na akatuambia kitu ambacho kwa akili yangu nisingekijua, kwamba ya miguu uitumie umevaa miwani yako ya kusomea, ila ya mkono ukiishika kwa umbali wake sahihi miwani ya kusomea huihitaji. Akaongeza kwamba jicho lisogee karibu na lenzi, maana ukiwa mbali unaona herufi mbili tatu, ukisogea unaona maneno mawili matatu, ni kama kuchungulia kwenye tundu la mlango.

Baba akainamia gazeti, lilikuwa gazeti la juzi yake lipo pale mezani, kimya. Akasogeza. Akasema, Ya-nga. Halafu akasema, hawa wametoka sare. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye korido.

Pale benchi nilikuta mama mmoja na mwanae wa kidato cha pili, kijana mwenye ualbino, ameshika darubini ndogo ya jicho moja, inatosha kwenye ngumi, imeandikwa 4x12, yani inakuza mara nne na kioo chake cha mbele kina milimita 12. Hiyo ni ya ubaoni. Lenzi kama ya baba haiwezi kusoma ubao na darubini haifai kwa daftari, kila kazi na kifaa chake. Mama yake akanisimulia mwanae alivyochapwa shule ya msingi kwa kubandika kitabu puani, mwalimu anasema unaharibu macho, kaa wima. Yule mtaalamu akalisahihisha hilo pale pale tukisikia wote, akasema kusogeza kitabu karibu hakuharibu macho, kusogeza karibu ndo kukuza kwenyewe, ukikitoa sentimita 40 ukakileta 10 umeshapata mara nne bila kulipa senti, na macho ya mtoto yana uwezo huo, ya mzee hayana tena ndo maana mzee anahitaji lenzi. Kwa mwenye ualbino ile sehemu ya katikati ya retina, yani ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haikukomaa tangu tumboni na macho yenyewe yanachezacheza, miwani inasaidia kiasi ila haimalizi. Walimu mnaosoma barua hii, huyo mtoto anayelala juu ya daftari wala hafanyi jeuri, ameshajitafutia dawa mwenyewe. Mwacheni, mkalisheni mbele, na andikeni ubaoni kwa kutamka. Baraza la Mitihani wenyewe wanawatambua hawa, wanawaandalia karatasi za maandishi yaliyokuzwa na muda wa nyongeza, dakika 20 kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kila saa kwa masomo mengine, sasa kama mtihani wa taifa unamkuzia herufi iweje darasani siku zote zilizobaki anyimwe?

Pale pale Moshi ndiko yanakotengenezwa mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya wenye ualbino, yanaitwa Kilisun, na yameokoa ngozi za watu wengi. Mimi nasema kama ngozi tumeweza basi na macho tufike huko, maana ile darubini yule kijana alipewa na wafadhili na mama yake alikuwa ameifunga kwenye leso kama dhahabu, anaogopa ikidondoka nyingine itatoka wapi.

Turudi kwa mzee. Nisingependa mtu adhani tulirudi Korogwe na kila kitu kikawa sawa, hapana. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Dakika tano kichwa kinamuuma, anapoteza mstari, anasoma nusu ya mstari wa kwanza na nusu ya mstari wa tatu, anakasirika, siku moja aliisukuma mezani akasema mpeni mjukuu achezee. Tulichofanya, yule dada alishatufundisha, nilichukua manila nyeusi hapa dukani nikakata dirisha la upana wa mstari mmoja wa gazeti, unaiweka juu ya ukurasa, unaona mstari huo tu, weupe wa karatasi uliobaki umezibwa haukuchomi macho. Kitu cha shilingi 500. Taa tukaiweka upande wa jicho lake zuri isimpige usoni. Na kubwa kuliko yote akajifunza kuangalia pembeni. Yani kama katikati pameharibika basi usiangalie neno lenyewe, angalia juu yake kidogo, neno litaangukia kwenye sehemu nzima ya jicho. Kulisema ni rahisi, ila mtu kaangalia vitu uso kwa uso miaka 70, kumwambia uangalie juu ili uone chini ni kama kumfundisha kutembea upya. Alifanya hivyo kila asubuhi baada ya chai, robo saa, akapumzika, robo saa tena. Mwezi wa pili alikuwa anamaliza habari nzima.

Msahafu ulichukua muda zaidi. Kwanza lenzi lazima iende kulia kwenda kushoto, mkono ulikuwa umeshazoea njia ya gazeti. Pili nukta. Nukta moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu ni the, na irabu juu na chini ni vijistari kama nywele, nukta ikipotea neno linakuwa lingine, na kwenye msahafu huwezi kukisia kama unavyokisia habari za mpira. Hapo ndo alirudishwa kwenye lenzi ya mkono ya 20, ile kali, anaegemeza kiwiko mezani mkono usitetemeke. Ramadhani iliyopita alisoma mwenyewe. Hakumaliza wote, ila alisoma mwenyewe.

Na dawa sasa anasoma paketi. Namba ya siri amebadilisha, anaijua yeye peke yake, mimi mwanae siijui na sitaki kuijua.

Wenye simu janja nao wajue kitu, maana wengi wanayo mkononi na hawajui. Kwenye aifoni kuna lenzi ya kukuzia imo humo humo, inaitwa Magnifier, inatumia kamera, ina taa, na unaweza kugeuza rangi iwe maandishi meupe kwenye weusi, watu wengi wenye macho hafifu wanasoma vizuri hivyo kwa sababu mwanga hauwasumbui. Kwenye Android unaweza kuwasha ukuzaji, kwenye simu nyingi ukishauwasha unagonga skrini mara tatu inakua, ila hiyo inakuza kilichomo ndani ya simu, kama unataka kukuza karatasi tumia kamera na zumu, piga picha halafu ivute. Baba ana kiswaswadu chake hataki kusikia habari za kupapasa kioo, lakini barua ndefu huwa nampigia picha na simu yangu anaisoma humo. Zile mashine za mezani zenye skrini yake ni nzuri sana zinakuza kuliko lenzi yoyote ya mkononi, ila bei ni mamilioni na umeme ukikatika umekaa, kwa mtu wa Korogwe lenzi ya miguu na betri mbili ndo inaeleweka. Kingine msije mkaacha lenzi dirishani juani, yetu ilichoma kitambaa cha meza, kidogo tuunguze nyumba.

Ninachoomba kwa hospitali zetu ni sentensi moja. Badala ya hakuna tena la kufanya, mseme matibabu yameishia hapa, sasa nenda kitengo cha uoni hafifu, kipo mahali fulani, chukua hii karatasi. Basi. Baba hakuhitaji muujiza, alihitaji karatasi ya rufaa. Hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi ivipe kipaumbele, na lenzi za kukuzia zimo humo, za kawaida na za kidijitali, zimewekwa pamoja na viti vya magurudumu na vifaa vya usikivu. Kwa hiyo sio anasa. Ya baba tulilipa 45,000 kutoka mfukoni kwa sababu bima tuliyokuwa nayo ilisema sio dawa na sio miwani. Sasa hivi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wanaopanga mafao nawaomba wasiisahau hiyo lenzi, bei yake haifiki hata nauli ya kwenda na kurudi Dar na msindikizaji na kulala.

Na wenye kisukari jamani, msisubiri mpaka uso wa mwanao upotee katikati. Macho yapimwe kila mwaka hata kama unaona vizuri, tena hasa ukiwa unaona vizuri.

Sasa nije kwako Mhariri na ule ukurasa wa jana. Ni msimamo wa ligi. Mmeuweka juu ya picha ya mchezaji, namba nyeupe juu ya jezi ya kijani na majani ya uwanja, na nusu yake imeangukia kwenye soksi nyeupe. Baba aliweka lenzi, akaangalia juu, akaangalia pembeni, akaleta ile kali, akatoka nje kwenye jua, ikashindikana. Lenzi inakuza ilichokuta. Ikikuta nyeupe juu ya nyeupe inakuza nyeupe. Aliniita nimsomee, na mimi mwenye macho yangu mazima nilikisia pointi za timu ya sita.

Siwaombi mkuze gazeti zima, najua bei ya karatasi kuliko watu wengi. Niliprinti mstari kwa saizi 8 na mwingine kwa saizi 9 nikaulaza pembeni ya gazeti lenu, habari zenu ziko hapo katikati. Wanaochapa kwa ajili ya wenye uoni hafifu wanaanzia 16 mpaka 18, huko hamuwezi kufika na hatudai. Kwa lenzi ya mara nne hiyo 8 yenu baba anaimudu ikiwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Tunachodai ni weusi na weupe tu. Msimamo wa ligi, tanzia, matangazo ya serikali na ya ajira msiyaweke juu ya picha, msiyaweke kwenye kiboksi cha bluu nzito au cha njano, msiyalaze herufi upande. Na kwenye mtandao mnapoweka gazeti kama picha ya ukurasa, mtu akivuta inakuwa vumbi, wekeni na maandishi yenyewe yanayoweza kukuzwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, ibara yake ya 21 inavitaja vyombo vya habari kabisa kwamba vihimizwe kufanya huduma zao ziwafikie hawa watu. Na Katiba yetu ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu. Baba yangu ni kila mtu.

Gazeti bado ananunua mwenyewe, anatembea mpaka stendi kila asubuhi, anakunja, anarudi nalo kwapani. Muuza magazeti alishawahi kumuuliza mzee si wanasema huoni, akamjibu nilete lenzi nikusomee bei yako?

Kama utaichapa barua hii naomba iwe nyeusi kwenye nyeupe, isiwekwe kwenye kiboksi cha rangi wala juu ya picha, kwa sababu sijamwambia kwamba nimekuandikia, na nataka aikute mwenyewe.

Wako,
Msomaji, mwenye steshenari,
Korogwe, Tanga